Je, Wajua? Miji Iliyopimwa kwa Safari ya Mbu

Je, wajua kwamba baadhi ya viwanja vya wazi katika miji ya Afrika vilipimwa kwa kukadiria umbali ambao mbu angeweza kuruka? Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, alivikuta vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Miaka miwili baadaye alifika Freetown, Sierra Leone, kuwachunguza mbu wa Anofelesi wa huko. Ross mwenyewe alipigania kufukia madimbwi, kusafisha mitaro na kuua viluwiluwi, kwa faida ya kila mkazi wa mji. Madaktari wengine wakashauri njia ya pili: kwa kuwa vimelea vimejaa katika damu ya watoto wa Kiafrika, Mzungu akalale mbali na watoto hao. Watawala walipendezwa na ushauri huu wa pili. Kufikia mwaka 1904 Freetown ilikuwa na mtaa mpya mlimani, Hill Station, uliojengwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu, pamoja na reli ndogo ya kuwapandisha jioni baada ya kazi.

Nigeria chini ya Gavana Lugard iliandika kipimo kabisa: ukanda usiojengwa kitu, wenye upana wa yadi 440, yaani kama mita 400, kati ya makazi ya Wazungu na ya wenyeji. Mbu hawakusomewa kanuni hiyo. Anofelesi huweza kuruka kilomita moja na zaidi kwa mabawa yake mwenyewe, na upepo humfikisha mbali mno. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba nchini Mali walikuwa wamewanasa mbu kwa mitego iliyoning'inizwa kwenye kamba za maputo, mingine karibu mita 290 juu ya ardhi, wakisafiri na upepo wa usiku. Hata bila upepo mpango ule ulikuwa na tundu, maana mpishi, yaya, dobi na mtunza bustani walilala palepale, katika nyumba ya boi nyuma ya nyumba ya bwana. Kama hofu ingekuwa malaria peke yake, nyumba ya boi ndiyo ingekuwa ya kwanza kuondolewa. Ilibaki, kwa sababu kazi ya boi ilihitajika. Nairobi bado inajenga vyumba hivyo, na siku hizi tangazo la nyumba ya kupanga hukupa idadi ya vyumba vya kulala kisha likaongeza SQ, yaani makazi ya mtumishi.

Wanajiografia huuita mpangilio huu utengano wa makazi: makundi ya watu kukaa mbalimbali ndani ya mji mmoja, hata wasigawane mtaa, shule, kituo cha basi wala zahanati. Kundi laweza kuwa la rangi, la dini, la kabila au la kipato. Utengano mwingine huletwa na sheria, mwingine na bei, na mwingine na watu wenyewe kutafutana. Wa sheria nitakaa nao zaidi, kwa sababu ndio ulioichora miji yetu, na kwa sababu wengi wetu tumeukuta ukiwa umekwisha kufanya kazi yake, tukadhani mji huzaliwa hivyo.

Je, wajua kwamba kuna mfalme aliyenyongwa kwa kukataa mtaa wake ugeuzwe kuwa wa Wazungu? Rudolf Duala Manga Bell alisoma Ujerumani na alijua sheria za Wajerumani. Walipotaka kuwahamisha Waduala kutoka kando ya mto mjini Douala, Kamerun, ili wajenge mji wa Wazungu na kuacha eneo tupu la kilomita moja kati yao na wenyeji, aliwakumbusha mkataba wa mwaka 1884 ambao wakuu wa Waduala walitia sahihi na Ujerumani. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa ileile, malaria. Manga Bell alipeleka malalamiko hadi bunge la Berlin. Alishitakiwa kwa uhaini, akanyongwa tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Pamoja naye alinyongwa katibu wake, Ngoso Din, aliyekuwa amesafiri hadi Ujerumani kwa siri kupeleka kesi ya watu wake. Mwezi Desemba 2022 jiji la Berlin liliupa uwanja mmoja jina la Manga Bell.

Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, Wabelgiji waliujaza ukanda wao wa kutenganisha kwa uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Lubumbashi nayo, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ilikuwa na ukanda wake kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya wafanyakazi kama Kamalondo. Kiswahili cha Katanga, ambacho mamilioni ya watu huongea leo, kilikulia katika kambi za migodi na mitaa hiyo iliyowekwa ng'ambo ya ukanda. Mtaa mmojawapo unaitwa Kenya hadi leo.

Je, wajua kwamba Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ilikuwa ukanda wa namna hiyo? Wajerumani waliuanza mpango huo na Waingereza wakaukamilisha. Mwaka 1924 mji uligawanywa kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili ya biashara na makazi, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu ya nyumba za Kiafrika, yaani Kariakoo na Ilala. Nyumba za Waafrika zilizokuwa katikati ya kanda ya pili na ya tatu zilibomolewa ili pabaki peupe. Kanuni hizo hazikupanga kwa rangi ya mtu. Zilipanga kwa aina ya jengo. Nani angeweza kujenga nyumba ya mawe yenye viwango vya Ulaya kwa mshahara wa kuli wa bandarini? Fedha ilifanya kazi ya kubagua, na ofisi ikabaki na karatasi safi. Nakuomba uitazame vizuri mbinu hiyo, maana ndiyo iliyodumu.

Upande wa pili wa Mnazi Mmoja watu walijenga walivyojua. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu kwenda nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Mpangaji mmoja ametoka Rufiji, mwingine Morogoro, wa tatu ni mgeni kutoka Songea, na wote wanapikia ua mmoja. Ramani ya mkoloni ilikusudia kuwaweka mbali na wengine. Haikukusudia wazoeane wao kwa wao namna ile, lakini ndivyo ilivyokuwa, na katika mitaa hiyo ndimo vyama, klabu za mpira na siasa za kudai uhuru vilimopata watu wake. Nyumba nyingi za aina hiyo zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa ya maduka.

Mwaka 1949 wapangaji wa mji wa kampuni ya Alexander Gibb waliandaa ramani kuu mpya ya Dar es Salaam. Safari hii mitaa ilipangwa kwa ujazo. Oysterbay ilipewa ujazo mdogo, nyumba chache kwenye viwanja vikubwa karibu na upepo wa bahari. Upanga ilipewa ujazo wa kati, ikawa ya Wahindi. Ilala, Magomeni na Temeke zikapewa ujazo mkubwa. Nenda leo kununua kiwanja kilichopimwa popote Tanzania utaulizwa swali lilelile: unataka ujazo mdogo, wa kati au mkubwa? Anayekuuliza hana nia mbaya hata kidogo. Lakini ukubwa wa kiwanja ukishawekwa, bei yake imewekwa, na bei ikishawekwa majirani zako wamekwisha kuchaguliwa kabla hujahamia.

Nairobi ina kisa kirefu zaidi. Mji ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mwaka 1902 tauni ikaingia katika bazaa ya Wahindi. Amri ikatolewa, bazaa ikachomwa moto. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hujaa pasipo na mitaro wala pa kutupa taka, lakini lawama waliangushiwa wakazi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya aliyewahi kufanya kazi Calcutta, alitumwa kukagua Kenya, Uganda na Zanzibar. Ripoti yake ilipendekeza kila taifa la watu liwe na mtaa wake na ardhi tupu katikati. Mtu mmoja, safari moja, na miji ya nchi tatu ikapata mwongozo.

Kabla ya hapo Waafrika wa Nairobi walikuwa na vijiji vyao ndani ya mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kileleshwa. Ndiyo, Kileleshwa hiyohiyo ambayo leo chumba chake hakishikiki kwa kodi. Wanawake wengi walikuwa wenye nyumba katika vijiji hivyo, jambo ambalo lilikuwa adimu kwingineko. Kileleshwa na Maskini vilibomolewa miaka ya 1920, Pangani ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakapelekwa Pumwani na Shauri Moyo, upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni tangu mwaka 1920. Kwa aliyefukuzwa Pangani, jambo kubwa lililopotea lilikuwa nyumba aliyoijenga, ambayo ingempa kodi uzeeni. Mali ya namna hiyo ndiyo huwarithisha watoto karo ya shule. Tunapozungumzia familia zilizotangulia na zilizobaki nyuma jijini, tuanzie hapo.

Je, wajua kwamba serikali ya Uingereza iliufuta rasmi ubaguzi wa makazi katika miji ya Kenya mwaka 1923? Waraka wa Devonshire ulisema hivyo, kufuatia upinzani mkali wa Wahindi, ingawa uliziacha Nyanda za Juu mikononi mwa Wazungu. Kilichofuata ni hati za ardhi. Wenye mashamba waliokata viwanja waliandika masharti kwamba kiwanja kisiuzwe wala kupangishwa kwa asiye Mzungu. Sheria ilitoka kwenye gazeti la serikali ikahamia kwenye kabati la wakili. Muthaiga na Mathare leo zinatenganishwa na barabara ya Thika tu.

Eastlands, yaani upande huo wa mashariki mwa Nairobi, nayo ilikuza kitu ambacho hakuna ofisi iliyokipanga. Walioletwa Kaloleni, Makongeni na Pumwani walikuwa Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na wengine wengi, wakiwa wamebanana chumba kwa chumba, na watoto wao wakicheza uwanja mmoja. Wanaisimu wengi huitafuta asili ya Sheng katika mitaa hiyo. Utengano wa rangi uliyachanganya makabila.

Na Eastleigh? Ilitengwa kwa ajili ya Wahindi, kisha Wasomali wakawa wengi. Miaka ya 1990 wakimbizi kutoka Somalia waliokaa katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge walianza kuuza bidhaa vyumbani mwao: mchana chumba ni duka, usiku ni malazi. Leo wafanyabiashara kutoka Uganda, Kongo na Tanzania hufika Eastleigh kufunga mizigo. Wanajiografia husisitiza kwamba mtaa wa watu walioamua kukaa pamoja, wakakopeshana kwa kuaminiana na wanaoweza kuondoka wakitaka, ni tofauti na mtaa ambao mtu amefungiwa. Nakubaliana nao, ila mstari huo si rahisi kuuona ukiwa nje. Muulize mkazi kama angeweza kuhamia kwingine akapokewa, jibu lake ndilo litakalokuonyesha mstari ulipo.

Je, wajua kwamba utengano hupimwa kwa namba? Mwaka 1955 Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan, wanasosholojia wa Marekani, waliandika kuhusu kipimo kinachoanzia 0 hadi 100. Chukua mji wenye mitaa miwili, weusi 1,000 na weupe 1,000. Mtaa wa kwanza una weusi 900 na weupe 100, wa pili una weusi 100 na weupe 900. Kipimo chake ni 80, maana yake asilimia 80 ya kundi moja wangelazimika kuhama ndipo uwiano ulingane kila mtaa. Zaidi ya 60 huhesabiwa kuwa utengano mkubwa, na miji kama Chicago na Detroit ilivuka 80. Kipimo hiki hakina macho ya kila kitu. Hakikwambii kama mabomba ya maji yanafika mitaa yote miwili.

Kuna jaribio ambalo waweza kulifanya barazani kwa ubao wa drafti na vizibo vya soda vya rangi mbili. Vipange ovyo, acha nafasi chache wazi. Kila kizibo kina sharti dogo tu: angalau theluthi moja ya majirani zake wawe wa rangi yake. Kisichoridhika kihamishie nafasi ya wazi inayokifaa. Endelea mpaka vyote vitulie. Utaona vizibo vimejikusanya makundi makubwa ya rangi moja, ingawa hakuna hata kimoja kilichotaka kuwakimbia wengine. Thomas Schelling, mchumi Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ndiye aliyeonyesha jambo hili karibu mwaka 1970. Ni jambo la kutisha kidogo: mapendeleo madogo ya watu wapole huweza kuupasua mji. Lakini asije mtu akaitumia drafti ya Schelling kuieleza Kileleshwa. Vizibo vya Nairobi havikujisogeza vyenyewe.

Wajua kwamba Oxford, mji wa chuo kikuu maarufu, ulikuwa na kuta za kuwatenga Waingereza na Waingereza wenzao? Mwaka 1934 kampuni ya ujenzi ilijenga kuta mbili katikati ya barabara za Cutteslowe, zaidi ya mita mbili kwenda juu na miiba ya chuma kileleni, ili wanunuzi wa nyumba zake wasipitiwe na wapangaji wa nyumba za halmashauri. Wapangaji wakawa wanazunguka mbali kufika barabara kuu. Halmashauri iliangusha ukuta mmoja mwaka 1938 kwa mashine ya kushindilia barabara, mahakama ikampa ushindi mjenzi, ukajengwa tena. Zilivunjwa kabisa mwaka 1959.

Ukuta wa namna hiyo wa Detroit, Marekani, bado umesimama. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za weupe karibu na mtaa wa weusi, na shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba likaona eneo hilo ni hatari. Akajenga ukuta wa urefu wa kama mita 800, na udhamini ukatoka. Mantiki ileile ilikuwa kwenye ramani za miaka ya 1930, ambapo zaidi ya miji 200 ya Marekani ilipakwa rangi kulingana na usalama wa mikopo: kijani kwa mitaa bora, nyekundu kwa mitaa ya kuepukwa. Mtaa wa weusi ulipakwa nyekundu karibu kila mahali. Bila mkopo hakuna nyumba mpya, bila nyumba zinazopanda thamani hakuna kodi ya kutosha ya kujenga shule, na miti haipandwi. Mwaka 2020 watafiti waliopima joto katika maeneo 108 ya miji ya Marekani walikuta mitaa iliyopakwa nyekundu ina joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi kuliko mitaa mingine ya miji hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa makazi. Lami na uchache wa miti havikufutwa na sheria hiyo, na mzee anayezidiwa na joto mwezi Julai anaumizwa na rangi iliyopakwa kabla hajazaliwa.

Je, wajua kwamba mtaa hupimika katika mshahara wa mtu mzima? Kati ya mwaka 1994 na 1998 serikali ya Marekani iliendesha jaribio katika miji mitano. Familia maskini zilizokuwa zikiishi katika nyumba za umma zilipigiwa kura, na baadhi zikapewa msaada wa kodi kwa sharti la kuhamia mtaa wenye maskini wachache. Kwa miaka mingi matokeo yalikatisha tamaa, kwa kuwa wazazi hawakupata kipato kikubwa zaidi. Kisha Raj Chetty na wenzake wakawafuatilia watoto. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walipofika umri wa miaka ya ishirini na kitu walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao kura haikuwaangukia, na walienda chuo kwa wingi zaidi. Mzazi ni yuleyule na akili za mtoto ni zilezile. Kilichobadilika ni njia ya kwenda shule na watu wa kukutana nao humo.

Waliohama wakiwa vijana wakubwa hawakufaidika, na dalili zilionyesha kwamba pengine walipoteza kidogo. Walitenganishwa na marafiki zao na watu waliowajua tangu utotoni, na miaka ya kujenga mapya ikawa haipo. Matokeo haya wapangaji wa miji yetu wangepaswa kuyasoma pamoja na yale ya kwanza, kabla ya kupeleka tingatinga kwenye mtaa wa mabanda na kuwahamishia wakazi pembezoni mwa mji, kilomita nyingi kutoka walikokuwa wakiuza, wakisomesha na wakikopeshana sukari. Nyumba mpya ya matofali yaweza kuwa bora kuliko ya mabati. Lakini mama anayeuza vitumbua amepoteza wateja wa alfajiri, nauli ya daladala imeingia kwenye bajeti ya kila siku, na kijana wa kidato cha tatu anaanza upya kati ya watu wasiomjua, kama walivyoanza wa Pangani walipofikishwa Shauri Moyo.